Muhuri wa Wakati: Uandikwe na Programu au na Hifadhidata?

Karibu kila jedwali lenye kazi ya maana lina safu mbili za ziada: moja inasema mstari uliingia lini, nyingine inasema uliguswa mara ya mwisho lini. Mteja haziombi, na huwa hazitazamwi na mtu mpaka siku mhasibu anapouliza kwa nini mauzo ya tarehe 30 hayalingani na fedha zilizoko benki, au mkaguzi anapotaka kujua kama bei ilibadilishwa kabla ya agizo au baada yake. Siku hiyo safu hizo ndizo ushahidi ulio nao. Zikiwa ziliandikwa ovyo, huna ushahidi.

Mwongozo huu ni wako kama unaandika programu inayotumia hifadhidata ya SQL. Mifano mingi ni ya PostgreSQL, na mahali MySQL inapotofautiana nitakuonyesha.

Tenganisha kwanza nyakati mbili

Tuseme unatengeneza mfumo wa mauzo wa maduka ya pembejeo: moja Mbeya mjini, jingine Mbarali, na tawi lililoko Kigali. Muuzaji wa Mbarali anauza mbolea saa 4 asubuhi, simu yake haina mtandao. Mtandao unarudi saa 9 alasiri, na ndipo taarifa inapofika kwenye seva. Mauzo hayo ni ya saa ngapi?

Majibu ni mawili na yote ni ya kweli. Mbolea iliuzwa saa 4. Mfumo ulipata habari saa 9. Matatizo mengi ya mihuri ya wakati huanzia pale mtu anapoyabana majibu hayo mawili ndani ya safu moja.

Mfikirie mlinzi wa getini na daftari lake. Mgeni anaweza kumwambia alitoka nyumbani saa ngapi, naye akaandika kama alivyoambiwa. Lakini saa ya kupita getini hamuulizi mgeni. Anatazama saa yake mwenyewe, ileile moja, kwa kila anayepita.

Kanuni ninayoisimamia ni hiyo: wakati wa tukio huletwa na programu, wakati wa kuandikwa na wa kurekebishwa huwekwa na hifadhidata. Safu moja isiandikwe na saa mbili.

Kwa nini hifadhidata na si programu

Sababu kubwa ni kwamba programu yako siyo njia pekee ya kulifikia jedwali. Kuna hati (script) ya usiku inayosafisha kumbukumbu. Kuna faili la CSV lililopakiwa moja kwa moja. Kuna mwenzako aliyefungua psql kurekebisha bei mbili kwa sababu mteja alikuwa kwenye simu anasubiri. Mwakani kutakuwa na programu ya pili, imeandikwa kwa lugha nyingine na mtu ambaye hamjawahi kukutana. Kama muhuri unagongwa na programu ya kwanza tu, wote hao wanapita bila kuandikwa, na mabadiliko yao ndiyo hasa utakayotaka kuyafuatilia.

Sababu ya pili ni saa zenyewe. Seva tatu za programu zina saa tatu. NTP, huduma ya kulinganisha saa, inazisogeza karibu, haizifanyi kuwa moja, na huduma hiyo ikizimika kwenye seva moja unaweza usijue kwa muda mrefu. Saa ya simu ya mtumiaji ni mbaya zaidi, maana yeye mwenyewe anaweza kuirudisha nyuma. Hifadhidata kuu inayopokea maandishi huwa ni moja, kwa hiyo saa yake, hata ikikosea, inawakosea wote sawasawa na mpangilio wa mistari hauvurugwi na tofauti za saa kati ya seva.

Gharama zipo, nawe uzijue kabla ya kuanza. Triga, yaani msimbo ulio ndani ya hifadhidata unaojiendesha mstari unapobadilika, haionekani kwenye msimbo wa programu, hivyo mtengenezaji mpya anaweza kushangaa thamani inabadilika bila yeye kuigusa. Programu haijui muhuri uliowekwa mpaka iusome tena. Na kwenye majaribio, saa ya programu inaweza kusimamishwa kwa urahisi, saa ya hifadhidata haisimamishiki hivyo. Gharama hizo nazikubali, kwa sababu zote zinamwangukia mtengenezaji mezani pake. Gharama ya muhuri wa uongo inamwangukia mhasibu, na yeye hana namna ya kuutambua.

Hatua kwa PostgreSQL

1. Unda jedwali lenye nyakati tatu.

```sql
CREATE TABLE mauzo (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  bidhaa text NOT NULL,
  kiasi numeric NOT NULL,
  iliuzwa timestamptz NOT NULL,
  iliandikwa timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  ilirekebishwa timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
```

Angalia kwamba `iliuzwa` haina DEFAULT, na hilo limefanywa kwa makusudi. Programu ikisahau kuleta wakati wa mauzo, afadhali mstari ukataliwe kuliko kujazwa saa ya kufika na kudai kuwa ndiyo saa ya kuuza.

Aina ya safu iwe `timestamptz`. Haihifadhi jina la ukanda wa saa kama wengi wanavyodhani. Inageuza kila kinachoingia kuwa UTC na kukirudisha kwa ukanda wa anayesoma. Aina ya `timestamp` tupu haifanyi hivyo: inaandika tarakimu ilizopewa na kusahau zilitoka wapi.

2. Weka triga ya marekebisho. DEFAULT hufanya kazi mstari unapoingia tu. Ukirekebishwa baadaye, DEFAULT haiamki.

```sql
CREATE FUNCTION gonga_muhuri() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  NEW.iliandikwa := OLD.iliandikwa;
  NEW.ilirekebishwa := now();
  RETURN NEW;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER mauzo_muhuri
BEFORE UPDATE ON mauzo
FOR EACH ROW
WHEN (OLD.* IS DISTINCT FROM NEW.*)
EXECUTE FUNCTION gonga_muhuri();
```

Mstari wa kwanza ndani ya kazi hiyo unalinda wakati wa kuandikwa usibadilishwe na mtu yeyote baadaye. Sharti la `WHEN` linazuia muhuri mpya pale ambapo hakuna kilichobadilika. Bila hilo, programu inayohifadhi fomu ileile mara kumi itaonekana kama imerekebisha mara kumi.

3. Funga kwa ruhusa. Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. DEFAULT ni pendekezo: programu ikituma thamani yake kwenye `iliandikwa`, PostgreSQL inaipokea bila swali. Ukitaka kuzuia kweli, mpe mtumiaji wa programu ruhusa ya safu anazostahili tu:

```sql
GRANT SELECT ON mauzo TO programu_duka;
GRANT INSERT (bidhaa, kiasi, iliuzwa),
      UPDATE (bidhaa, kiasi, iliuzwa)
  ON mauzo TO programu_duka;
```

Hakikisha mtumiaji huyo hana ruhusa ya jumla ya INSERT au UPDATE juu ya jedwali zima, kwani ya jumla hushinda. Triga itaendelea kugonga muhuri, maana ruhusa za safu hupimwa kwa amri iliyotumwa na programu, si kwa kinachofanywa na triga.

4. Iambie programu iache kuandika. Kwenye Laravel, `$timestamps = false` ndani ya modeli. Kwenye Rails, `record_timestamps = false`. Kwenye Hibernate, safu iwe `insertable = false, updatable = false`. Usiache pande zote mbili zikiandika eti kama tahadhari. Ukifanya hivyo hutajua muhuri unaouona ni wa nani.

5. Soma kilichoandikwa. Badala ya kutuma amri ya pili, malizia ya kwanza kwa RETURNING:

```sql
INSERT INTO mauzo (bidhaa, kiasi, iliuzwa)
VALUES ('DAP 50kg', 2, '2025-03-14 10:05+03')
RETURNING id, iliandikwa, ilirekebishwa;
```

Ukiwa na MySQL

MySQL haihitaji triga kwa kazi hii:

```sql
iliandikwa DATETIME(6) NOT NULL
  DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP(6),
ilirekebishwa DATETIME(6) NOT NULL
  DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP(6)
  ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP(6)
```

Ile 6 ni sehemu za sekunde. Ukiiacha, muhuri unaishia kwenye sekunde nzima na mistari mingi italingana. Safu ya `ON UPDATE` haibadiliki kama thamani zote zilizotumwa ni zilezile zilizokuwapo, kwa hiyo kazi ya sharti letu la `WHEN` inafanyika yenyewe.

Hatari ya MySQL iko kwenye uchaguzi wa aina. `TIMESTAMP` hugeuza kwenda UTC na kurudi, jambo zuri, lakini mwisho wake ni 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Kwa muhuri wa kuandikwa leo hilo halisumbui; kwa mkataba wa miaka 15 au tarehe ya mwisho ya mkopo linasumbua sasa hivi. `DATETIME` haina ukomo huo ila haigeuzi chochote: inaandika saa ya ukanda wa muunganisho uliotumika. Seva mbili zenye mipangilio tofauti zitaandika saa mbili tofauti kwa dakika ileile. Ukichagua `DATETIME`, weka `time_zone = '+00:00'` kwa kila muunganisho, bila kuacha hata mmoja.

> KISANDUKU: Njia za mkato zinazoruka muhuri wa programu
>
> Kama bado muhuri wako unagongwa na programu, tafuta haya kwenye msimbo wako leo:
>
> - Django: `auto_now` hufanya kazi kupitia `save()`. Ukitumia `update()` ya queryset au `bulk_update()`, safu haiguswi. Na `save(update_fields=[...])` isiyoitaja safu hiyo haiihifadhi.
> - Django, kuhamisha data: `auto_now_add` hupuuza thamani uliyoleta wakati wa kuunda. Kumbukumbu za miaka iliyopita zitaingia zote na tarehe ya leo. Tangu toleo la 5.0 kuna `db_default`, inayoipa hifadhidata kazi hiyo.
> - Rails: `update_all` na `update_column` haziigusi `updated_at`.
> - Laravel: `insert()` haijazi mihuri, mistari inaingia ikiwa na NULL.
> - SQLAlchemy: `server_onupdate` haiundi triga. Ni taarifa tu kwa maktaba kwamba triga ipo. Kuiweka ni kazi yako.
> - Prisma: `@updatedAt` hugongwa na maktaba, si na hifadhidata.
> - Python kwa jumla: kuandika `default=datetime.now()` badala ya `default=datetime.now` huita saa mara moja tu, programu inapowaka. Mistari yote hubeba wakati huo mpaka seva iwashwe tena.

now() haisemi "sasa" unayoidhani

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu kosa lake halitoi ujumbe wowote wa hitilafu.

Kwenye PostgreSQL, `now()` na `CURRENT_TIMESTAMP` hurudisha wakati ambao muamala (transaction) ulianza. Muamala ukichukua dakika saba, mistari yote iliyoandikwa ndani yake, ya kwanza hadi ya mwisho, inabeba saa ya kuanza. Kuna `statement_timestamp()` ya mwanzo wa amri, na `clock_timestamp()` inayosoma saa pale pale inapoitwa. `NOW()` ya MySQL ni ya mwanzo wa amri.

Mara nyingi tabia hii inafaa: mistari kumi ya agizo moja inapata muhuri mmoja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Inaumiza mahali pawili.

Pa kwanza ni majaribio. Mifumo mingi ya majaribio hufunga kila jaribio ndani ya muamala mmoja. Mistari yako mitatu itapata muhuri uleule, na jaribio linalopanga kwa wakati litafaulu leo na kushindwa kesho. Panga kwa wakati pamoja na `id`, kwenye majaribio na kwenye kazi halisi pia.

Pa pili ni kuhamisha data kati ya mifumo, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Chukua hati inayopeleka mauzo mapya kwenye mfumo wa uhasibu kwa kuuliza "nini kimerekebishwa tangu mara ya mwisho?" Muamala mmoja unaanza saa 4:00 na kukamilika saa 4:07. Hati inapita saa 4:05. Mistari ya muamala ule haijakamilika, kwa hiyo haionekani. Hati inaandika kwamba imefika 4:05 na kuondoka. Ikirudi, inauliza kilichobadilika baada ya 4:05. Mistari ile imeshakamilika, lakini muhuri wake ni 4:00. Haitachukuliwa tena.

Kubadilisha kwenda `clock_timestamp()` kunapunguza dirisha, hakulifungi, kwa kuwa muhuri hugongwa kabla ya muamala kukamilika na hakuna anayejua utakamilika lini. Tiba ni hizi mbili kwa pamoja:

1. Kila mara hati irudi nyuma kwa muda unaozidi muamala wako mrefu kuliko yote. Kama muamala mrefu ni dakika 10, rudi nyuma nusu saa.
2. Upande wa kupokea utambue mstari kwa `id` yake, ili uliokuja mara mbili uandikwe mara moja.

Hifadhi UTC, hesabu siku kwa saa ya mahali

Tanzania na Kenya ziko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, bila kusogeza saa kwa majira. Kwa sababu tofauti haibadiliki, wapo wanaoona ni rahisi kuhifadhi saa ya Dar es Salaam moja kwa moja. Usifanye hivyo. Rwanda na Burundi ziko saa mbili mbele ya UTC, Oman nne, na Kongo yenyewe ina kanda mbili: Kinshasa saa moja mbele, Lubumbashi na Goma mbili. Siku tawi la Kigali linapoingia kwenye mfumo, mihuri yako inaanza kuchanganyika.

Kuhifadhi UTC kuna kosa lake la kawaida: kukata siku kwa UTC. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, saa 7:30 usiku, duka la Mbeya linauza. Kwa UTC hiyo bado ni 30 Juni saa 22:30. Ripoti inayokata siku kwa UTC itayapeleka mauzo hayo Juni, na kwa mwaka wa fedha wa serikali unaoanza 1 Julai, itayapeleka mwaka uliopita. Geuza kabla ya kukata:

```sql
SELECT (iliuzwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date AS siku,
       sum(kiasi)
FROM mauzo
GROUP BY siku;
```

Kwa matawi mengi, ongeza safu ya tawi kwenye `mauzo`, na ukanda wa saa uwe safu kwenye jedwali la matawi. Usiandike tofauti ya saa kama namba 3. Andika jina la ukanda. Nchi zimewahi kubadilisha saa zao, na jina hubeba historia hiyo, namba haibebi.

Kama unaonyesha saa kwa Kiswahili, yaani 20:00 isomeke saa 2 usiku, fanya hivyo kwenye skrini tu, hatua ya mwisho kabisa. Nimeona mfumo uliohifadhi saa ya Kiswahili ndani ya jedwali. Hakuna aliyeweza tena kutofautisha saa 2 ya asubuhi na ya usiku.

Mahali programu inapostahili kuandika

Wakati wa tukio, kama tulivyosema. Muda wa tokeni kuisha, kwa kuwa hiyo ni sheria ya programu. Tarehe zilizotoka mfumo wa zamani, ila zipe safu yake, tuseme `tarehe_ya_awali`, usizipachike kwenye `iliandikwa`. Na wakati wa tukio ukitoka kwenye simu, kagua: ukiwa mbele ya saa ya seva kwa zaidi ya dakika chache, au nyuma kwa wiki, uwekee alama ya kuangaliwa na mtu badala ya kuukataa kimya.

Kabla ya kupeleka kazini, pima:

- [ ] Ingiza mstari kwa psql bila kutaja mihuri. Imejaa?
- [ ] Jaribu kutuma `iliandikwa` ya mwaka 2001 ukiwa umeingia kama mtumiaji wa programu. Imekataliwa?
- [ ] Rekebisha mstari kwa SQL ya mkono. `ilirekebishwa` imesogea na `iliandikwa` imebaki?
- [ ] Rekebisha kwa thamani zilezile. Muhuri umetulia?
- [ ] Fungua miunganisho miwili yenye kanda tofauti za saa, ingiza kutoka kila mmoja, kisha soma yote kwa UTC. Inafuatana?
- [ ] Triga ipo kwenye faili za mabadiliko ya muundo, au uliiandika kwa mkono kwenye seva moja?

Jedwali la zamani lisilo na mihuri

Amri inayokuja haraka kichwani ni `ADD COLUMN iliandikwa timestamptz NOT NULL DEFAULT now()`. Inapita bila shida, na kila mteja wa miaka yote anaandikwa kuwa alisajiliwa leo, saa ileile, sekunde ileile. Fanya hivi:

1. Ongeza safu bila DEFAULT: `ALTER TABLE wateja ADD COLUMN iliandikwa timestamptz;` Mistari ya zamani inabaki NULL.
2. Kisha weka DEFAULT kwa inayokuja: `ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN iliandikwa SET DEFAULT now();`
3. Jaza ya zamani pale tu penye ushahidi: risiti ya kwanza ya mteja, kumbukumbu za seva, barua pepe ya usajili.
4. Kama umeshaongeza pia `ilirekebishwa` na kuweka triga, izime wakati wa kujaza, la sivyo itarudisha NULL kwenye `iliandikwa` na kugonga saa ya leo kwenye `ilirekebishwa`. Tumia `ALTER TABLE wateja DISABLE TRIGGER wateja_muhuri`, jaza, kisha `ENABLE TRIGGER`, yote ndani ya muamala mmoja. Jedwali litafungwa kwa waandishi wengine kwa muda huo, kwa hiyo chagua saa ya utulivu na ujaze kwa mafungu madogo, kila fungu na muamala wake.
5. Isiyo na ushahidi iache NULL, na safu hiyo usiiwekee NOT NULL. Kwenye ripoti ioneshe kama "kabla ya" ikifuatwa na tarehe uliyoongeza safu, maana hiyo ndiyo kauli pekee kuhusu mistari hiyo unayoweza kuithibitisha.